Tashtiti bora humcheka anayepiga makofi: Funzo kutoka riwaya za Kijerumani

Wanafunzi wetu wa fasihi hufunzwa tangu shule ya upili kwamba tashtiti ni silaha ya mnyonge. Mtawala ana askari na jela. Mwandishi ana kalamu na kicheko. Mwandishi humvua mtawala nguo hadharani, umma ukacheka, na mtawala akapungua kimo. Mwulize mtahiniwa yeyote aliyesoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege au Kigogo ya Pauline Kea akueleze dhima ya tashtiti. Atakujibu hivyo bila kupepesa jicho, na mtahini atampa alama zake zote.

Sina ugomvi na jibu hilo. Ni sahihi, ila ni nusu tu ya ukweli. Katika makala haya nakusudia kuonyesha nusu ya pili kwa kurejelea riwaya na hadithi za Kijerumani za karne ya 20 na mwanzo wa karne hii ya 21. Nimewachagua Wajerumani kwa sababu tashtiti yao ilitiwa kwenye mtihani mgumu mno. Waandishi wao waliwacheka watawala kwa ustadi mkubwa, kisha wakaja watawala waliokuwa wabaya kupita kichekesho chochote. Basi ikiwa tashtiti ni silaha, silaha hiyo ilikuwa wapi mwaka 1933?

Dai langu ni hili: tashtiti ya kisiasa iliyo bora katika lugha ya Kijerumani haimlengi mtawala. Humlenga anayempigia makofi. Na pale inapomsahau mpiga makofi, hata ikauza nakala milioni moja, huwa imepungukiwa.

Nifafanue istilahi kwanza. Tashtiti ni mtindo wa kuukosoa uovu au upumbavu wa jamii kwa kuufanya uchekeshe. Kinaya ni mojawapo ya zana zake, sawa na utiaji chumvi. Matusi si tashtiti. Mwanasiasa anayepanda jukwaani na kumwita mpinzani wake fisi hajatunga chochote. Ametukana tu, basi. Tashtiti humtaka msomaji afanye kazi. Lazima atambue kitu gani kimepinduliwa juu chini, kisha akisimamishe wima yeye mwenyewe.

Tuanze na Heinrich Mann. Wengi wakisikia jina Mann humkumbuka Thomas, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Heinrich alikuwa kaka yake mkubwa, na kwa upande wa tashtiti ya kisiasa ndiye bingwa. Riwaya yake mashuhuri inaitwa Der Untertan, neno lenye maana ya mtu aliye chini ya mamlaka ya mwingine. Kwa Kiswahili ningeiita Mtawaliwa. Kichwa chenyewe tayari kinatuambia jicho la mwandishi limeelekea wapi. Hakuandika kuhusu Kaisari Wilhelm II. Aliandika kuhusu mtu wa Kaisari.

Mtu huyo ni Diederich Hessling, mwana wa mwenye kiwanda cha karatasi katika mji wa kubuni uitwao Netzig. Utotoni ni mwoga wa kila kitu, ila woga wake una utamu wa ajabu: anampenda yule anayemtisha. Siku ya kuzaliwa ya mwalimu wao, wanafunzi wanaipamba meza yake na ubao kwa maua. Diederich anakwenda hatua moja zaidi. Anakipamba na kiboko.

Hebu msomaji ajiulize ni kurasa ngapi za nadharia ya siasa zingehitajika kueleza kile kinachoelezwa na kiboko hicho chenye maua.

Diederich anapokwenda Berlin kusoma anajiunga na chama cha wanafunzi ambamo wanakunywa bia pamoja, wanaimba pamoja, na hakuna anayelazimika kufikiri peke yake. Anahubiri utukufu wa jeshi, lakini zamu yake ya kutumikia inapofika anatumia kujuana kwake na wakubwa hadi daktari anamwachilia. Siku moja anamwona Kaisari akipita juu ya farasi wakati wa maandamano ya watu wasio na kazi. Anamkimbilia kwa shangwe, anateleza, na kuketi kwenye dimbwi la matope miguu ikiwa juu. Kaisari anamwona na kucheka. Diederich hakasiriki. Huo ndio wakati mtukufu zaidi wa ujana wake.

Baadaye anarudi Netzig kuendesha kiwanda cha babake. Anafuga masharubu ya kuelekea juu kama ya Kaisari. Anamponza mfanyabiashara mwenzake kwa maneno yaliyosemwa mezani, hadi mwenzake anashtakiwa kwa kumvunjia Kaisari heshima. Uzalendo wake unafika kilele kiwanda chake kinapotengeneza karatasi za msalani zilizopigwa chapa maneno ya kizalendo. Na kuna kisa cha msichana Agnes, ambaye Diederich anamharibia maisha kisha anakataa kumwoa, akimweleza baba mtu kwamba maadili yake hayamruhusu kumwoa msichana asiye safi. Miaka inapita. Luteni mmoja anamtenda vivyo hivyo Emmi, dada yake Diederich, na anampa Diederich jibu lilelile. Je, Diederich anaona haya? Hata kidogo. Kwanza anaghadhabika, kisha anajawa na fahari kwamba nchi yake ina maofisa wenye msimamo kama huo. Kiboko kimempata yeye mwenyewe, naye bado anakipamba.

Kaisari mwenyewe hupita tu katika riwaya hii, kama mgeni wa mbali anayeonekana dirishani. Anayefanya kazi ya kutawala ni Diederich, bila kulipwa, tena kwa furaha.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kumtazama mhusika huyu kwa makini. Heinrich Mann alianza kuandika madokezo ya riwaya hiyo mwaka 1906. Wakati huohuo, upande wa kusini wa Tanganyika, majeshi ya Kaisari yuleyule yalikuwa yakivunja upinzani wa Maji Maji wa 1905 hadi 1907, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi na kwa njaa. Kiswahili chetu bado kina alama za enzi hiyo. Tunasema shule kutokana na neno la Kijerumani, na hela tunazozitafuta usiku na mchana ni Heller, sarafu ya koloni hilo. Wazee wa Tanganyika walikuwa na msemo mwingine pia: hamsa ishirini, yaani viboko 25, adhabu iliyozoeleka chini ya serikali hiyo. Kumbe kiboko alichokipamba Diederich darasani kilisafiri baharini kikafika kwetu bila maua.

Der Untertan ilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida moja mwaka 1914. Vita vilipozuka Agosti mwaka huo, mfululizo ukakatizwa, kwa kuwa haukuwa wakati wa kumcheka Kaisari. Kitabu kamili kilimfikia msomaji wa Ujerumani mwishoni mwa 1918, Kaisari akiwa tayari amekimbilia Uholanzi. Miaka 15 baadaye, tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa vyuo vikuu waliwasha moto mjini Berlin na kutupa vitabu ndani yake, vya Heinrich Mann vikiwemo. Erich Kästner, mwandishi wa riwaya ya tashtiti Fabian ya 1931, alisimama katika umati akitazama vitabu vyake vikiungua. Heinrich Mann alikuwa amekwisha kukimbilia Ufaransa, na mwaka huohuo alipokonywa uraia.

Tazama tena waliowasha moto huo. Hawakuwa wahuni wa mitaani waliokosa elimu. Walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wa namna ya Diederich. Kwa hivyo, je, tashtiti ilishindwa? Ukishikilia kwamba kazi yake ni kumwangusha mtawala, jibu ni ndiyo, ilishindwa vibaya. Lakini ukikubali kwamba kazi yake ni kumwonyesha mtawaliwa sura yake, basi Heinrich Mann aliisema kweli yote miaka 19 kabla. Kosa halikuwa la kioo. Naamini wengi walikitazama kioo hicho, wakamwona jirani.

Tabia hiyo ya kumwona jirani haikufa na vita. Mwaka 1951, Wolfgang Staudte aliitengeneza riwaya hiyo kuwa filamu katika Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi iliizuia, ikaja kuiruhusu mwaka 1957 baada ya kuikata sehemu. Mashariki ilifurahi kumwona Diederich kama babu wa watu wa Magharibi. Magharibi haikutaka hata kumwona. Kila upande uliamini kwamba anaishi ng'ambo ya pili ya mpaka.

Baada ya vita, waandishi walikabiliwa na tatizo jipya. Utamchekaje mpiga makofi ambaye sasa anasema hakuwahi kupiga makofi? Heinrich Böll alipata jibu mwaka 1955 katika hadithi fupi kuhusu Doktor Murke, kijana mhariri katika kituo cha redio. Profesa mmoja maarufu, Bur-Malottke, amerekodi hotuba mbili kuhusu sanaa. Mwaka 1945, Ujerumani iliposhindwa na watu wengi wakakimbilia makanisani, profesa huyu naye aligeuka kuwa mcha Mungu. Sasa upepo umebadilika. Anataka jina la Mungu likatwe mara zote 27 katika hotuba hizo, na mahali pake pawekwe kirai kirefu cha kukwepa, chenye maana ya kiumbe fulani cha juu kinachoheshimiwa.

Wapenzi wa lugha watafurahia kikwazo kinachomsubiri profesa huyo. Kijerumani hubadilisha umbo la kirai kama hicho kutegemea nafasi yake katika sentensi, iwe ni kiima, yambwa au kimilikishi. Kwa hivyo haitoshi kurekodi mara moja na kubandika kila mahali. Inambidi aketi mbele ya kipaza sauti na kukitamka kirai hicho tena na tena, umbo kwa umbo, jasho likimtoka, huku Murke akimsimamia na kumfurahia kimoyomoyo. Laiti angekuwa Mswahili, angepata taabu ya upatanisho wa kisarufi. Mungu huumba, lakini kiumbe cha juu kikiingia ngeli ya KI-VI, kila kitenzi kinachokifuata kingedai kiambishi kipya, na hotuba nzima ingelazimika kufumuliwa. Sarufi haikubali unafiki kwa urahisi.

Katika hadithi hiyo hakuna mwanasiasa hata mmoja. Hakuna askari wala bendera. Yupo msomi tu, mtu wa tabaka langu, anayebadilisha neno moja kila upepo unapogeuka. Murke, kwa upande wake, hukusanya vipande vya utepe ambamo wazungumzaji walinyamaza, akaenda navyo nyumbani na kuvisikiliza jioni. Katika nchi iliyosema sana na kushangilia sana, ukimya ndio kitu cha pekee anachokiamini.

Miaka minne baadaye, mwaka 1959, Günter Grass alitoa Die Blechtrommel, yaani Ngoma ya Bati. Msimulizi wake, Oskar, ni mwana wa mji wa Danzig aliyeamua kutokua tena alipofikisha umri wa miaka mitatu, na ambaye haachani na kijingoma chake. Katika sura moja, Wanazi wameandaa mkutano mkubwa. Kuna jukwaa, bendera, wapiga tarumbeta na vijana waliojipanga mistari. Oskar anajificha chini ya jukwaa na kuanza kupiga mdundo wa dansi. Wapiga ngoma wa mkutano wanayumba, kisha wanamfuata. Gwaride linageuka kuwa dansi. Umma uliokuja kusikiliza hotuba unashikana viuno na kucheza hadi viongozi wanabaki peke yao jukwaani.

Msomaji wa haraka ataipenda sura hiyo kama ushindi wa sanaa dhidi ya udikteta. Kijitoto kimevunja mkutano wa Wanazi! Lakini Grass ni mjanja zaidi ya hapo, na Oskar mwenyewe anatuonya tusimdhanie kuwa mpigania ukombozi. Jiulize: umma huo umebadilika nini? Dakika chache zilizopita ulifuata mdundo wa gwaride. Sasa unafuata mdundo wa dansi. Hakuna aliyeuliza nani anapiga ngoma. Watu wanaocheza kwa kila ngoma inayolia ndio walioiwezesha ile ya kwanza.

Karibu na mwisho wa riwaya kuna sura nyingine ambayo huwasomesha wanafunzi wangu karibu kila mwaka. Vita vimekwisha. Mjini Düsseldorf kumefunguliwa ukumbi wa starehe ambako wateja hawaletewi chakula. Kila mmoja huletewa kibao, kisu na kitunguu. Wanalipa pesa nyingi, wanamenya, wanakatakata, na hatimaye wanalia. Wakishalia ndipo wanapoweza kuzungumza. Taifa lililokosa machozi ya kweli kwa mamilioni waliouawa limeyanunua sokoni.

Kisha mwaka 2006, akiwa na umri wa karibu miaka 79, miaka saba baada ya kutunukiwa Nobel, Grass alitangaza kwamba katika miezi ya mwisho ya vita, akiwa kijana wa miaka 17, alikuwa mwanajeshi wa Waffen-SS. Alikuwa amelificha jambo hilo kwa umma zaidi ya miaka 60, huku akiwakemea wenzake kwa kuficha yao. Kitabu alichokisimulia humo alikiita kwa jina la kumenya kitunguu. Wapo waliosema kwamba tangu hapo Ngoma ya Bati haisomeki tena. Sikubaliani nao. Mimi nasema inasomeka vizuri zaidi. Aliyeuandika ukumbi wa vitunguu alikuwa ameketi ndani yake, kisu mkononi. Hilo halimwondolei lawama yeye kama mtu, na lawama anastahili. Lakini linathibitisha kwamba tashtiti ya kweli haina kiti salama cha mtazamaji, hata kwa aliyeitunga.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, Wajerumani walipata tena nafasi ya kujisimulia upya. Thomas Brussig, mzaliwa wa Berlin Mashariki, aliandika Helden wie wir mwaka 1995, yaani Mashujaa kama Sisi. Klaus, mwana wa ofisa wa Stasi, ile idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki, naye anaingia kazi hiyohiyo. Sasa anamsimulia mwandishi wa gazeti la Marekani, kanda baada ya kanda, jinsi yeye peke yake alivyouangusha Ukuta. Aliuangusha vipi? Adabu ya ukurasa huu hainiruhusu kueleza kwa kina. Nitasema tu kwamba alifungua suruali mbele ya walinzi wa mpaka, nao wakapigwa na bumbuwazi kwa walichokiona, wakafungua lango.

Ni mzaha mchafu, naam, na si kila mtu ataustahimili. Lakini una mantiki yake. Kwa miaka 28 Ukuta ulisimama, na kwa miaka hiyo watu wengi walinyamaza, wakapiga kura walivyotakiwa, wengine wakawachongea majirani. Baada ya kuanguka, ghafla kila mtu alikuwa shujaa, kila mtu alikuwa amepinga tangu zamani. Brussig anasema: mkitaka uongo kuhusu ushujaa, basi nitawapa mkubwa kuliko wenu wote. Neno zito katika kichwa cha riwaya hiyo si Mashujaa. Ni Sisi.

Sasa nifike kwa kitabu ambacho huenda baadhi ya wasomaji wamekisoma kwa Kiingereza: Er ist wieder da cha Timur Vermes, yaani Amerudi Tena, kilichotolewa mwaka 2012. Jalada lake jeupe lina nywele tu zilizochanwa upande, na kichwa cha kitabu kimepangwa mahali pa masharubu. Bei yake ilikuwa euro 19.33, kukumbusha mwaka ambao Adolf Hitler alishika madaraka. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Hitler anaamka mjini Berlin mwaka 2011, hana habari ya yaliyopita. Mwenye kibanda cha magazeti anamdhania mwigizaji asiyetoka kamwe katika uhusika wake, na anamuunganisha na watu wa televisheni. Hitler anasema yaleyale aliyokuwa akisema zamani, neno kwa neno, na watu wanavunjika mbavu. Anakuwa nyota wa intaneti. Anapewa tuzo. Riwaya inafikia mwisho vyama vya siasa vikimbembeleza ajiunge navyo.

Kuna mahali Vermes ameandika kwa ustadi ambao Heinrich Mann angeuonea wivu. Mkuu wa kampuni ya televisheni anamwonya nyota wake mpya kwamba Wayahudi si jambo la kufanyiwa mzaha. Hitler anakubali kabisa. Kila mmoja anaamini wameelewana, na kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Msomaji peke yake ndiye anayesikia sauti zote mbili, na mwili unamsisimka. Hicho ni kinaya kilichoiva.

Hata hivyo, kitabu hiki kina upungufu, na upungufu huo unatokana na uamuzi mmoja wa kimtindo. Hitler ndiye msimulizi. Tunaiona Berlin ya leo kwa macho yake, na kila anapokosa kuelewa simu au mashine, tunamcheka kwa namna tunavyomcheka babu aliyetoka mashambani. Baada ya kurasa mia mbili tumemzoea. Isitoshe, wahusika wote wanaomzunguka ni wajinga kuliko msomaji. Wao hawajui kwamba ni yeye, sisi tunajua. Hivyo basi msomaji ameketi juu ya wote, msafi, mwerevu, asiye na doa. Anakifunga kitabu akisema: watu hawa ni wapumbavu kweli! Hajaambiwa kwamba naye ni mmojawapo.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, iliyoongozwa na David Wnendt mwaka 2015, iliuona upungufu huo na kuuziba kwa njia mbili. Kwanza, mwigizaji Oliver Masucci alitembezwa katika miji ya Ujerumani akiwa amevalia kama Hitler, na kamera zikarekodi raia wa kweli wakipiga naye picha, wakimkumbatia, na wengine wakimfungulia moyo kuhusu wageni na wahamiaji. Hawakuwa waigizaji. Pili, filamu ina bibi mmoja mkongwe Myahudi, mwenye kupoteza kumbukumbu, ambaye anamtazama mgeni huyo na kumtambua papo hapo. Anakumbusha kwamba zamani pia watu walianza kwa kumcheka. Wote wenye akili timamu wanacheka. Asiyekumbuka mengine ndiye anayekumbuka lililo muhimu. Kwa maoni yangu sekunde hizo chache zinaipiku riwaya nzima.

Najua pingamizi litakalotolewa. Msomaji mmoja atasema: Profesa, ukielekeza kicheko kwa raia unamwachilia mtawala. Mnyonge ameibiwa, kisha unamcheka yeye! Pingamizi hilo lina uzito na haliwezi kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba lazima tutofautishe mnyonge na mpiga makofi. Heinrich Mann hamcheki Agnes aliyeachwa. Böll hamcheki Murke. Hakuna popote katika riwaya hizi panapochekwa waliouawa. Anayechekwa ni yule aliyekuwa na nafasi ya kukataa, hata kwa kunyamaza tu, akachagua kukipamba kiboko. Na huyo akiachwa bila kuguswa, kumwangusha mtawala mmoja hakusaidii. Atatafuta mwingine wa kumkimbilia, hata kama ni kwenye matope.

Kwa hivyo ningependa walimu wenzangu waongeze swali moja katika uchambuzi wa tashtiti darasani. Tumezoea kuuliza mwandishi anamkosoa nani na kwa mbinu gani. Tuulize pia: baada ya kicheko kwisha, nani amebaki na doa? Ikiwa ni mtawala peke yake, kazi hiyo huenda ikawa nzuri na ya kufurahisha, lakini imetubembeleza. Ikiwa doa limefika hadi kwenye nguo za anayesoma, basi hiyo ni tashtiti iliyokomaa.

Mwaka 1967, Fortunatus Kawegere alitupatia Shamba la Wanyama, tafsiri yake ya riwaya ya George Orwell, na vizazi vya wasomaji wa Kiswahili vikajifunza kuwatambua nguruwe. Ni faida kubwa. Sasa nawahimiza vijana wetu wanaosomea Kijerumani wamlete Diederich Hessling naye kwa Kiswahili sanifu, moja kwa moja kutoka lugha yake, bila kupitia Kiingereza. Nguruwe tunawajua. Aliyekipamba kiboko kwa maua bado hatujajizoeza kumtambua, hasa anapotutazama kutoka kwenye kioo.